Mwalimu Emojong na Kiti cha Amoding

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu. Nyinyi wa Malaba, nyinyi wa Chakol na Moding, na nyinyi wa Busia mjini ambao redio yenu lazima ipigwe kofi kwanza ndipo iseme. Ipigeni sasa. Leo sina mzaha mwingi.

Tunamkumbuka Mwalimu Methuselah Emojong wa Chakol. Amefariki. Tumemzika Jumamosi iliyopita. Wazazi wake walimpa jina la mtu aliyeishi miaka mingi kuliko watu wote katika Biblia, na yeye hakufika hata sitini. Mwenyewe alikuwa akisema, "Jina nilipewa, miaka wakasahau kuweka." Tulikuwa tukicheka.

Emojong alikuwa karani wa serikali tangu enzi za Mwingereza. Alipostaafu, uhuru ulikuwa umekuja, na vijana wetu wachache walikuwa wameingia chuo kikuu. Chuo kina sheria yake. Mwanafunzi lazima atoke darasani, akafanye kazi ofisini chini ya mkubwa anayejua kazi, kisha ndipo arudi kumaliza masomo. Asipopata ofisi, harudi. Nasema tena, wapendwa: asipopata ofisi, harudi.

Basi Emojong akawafunza bure, katika ukumbi wa kanisa. Hakuwafunza hesabu, hizo walikuwa nazo. Aliwafunza kazi. Namna ya kugonga mlango na kusubiri. Namna ya kuuliza usichokijua. Namna ya kukemewa bila kununa. Kwa somo hilo alikalia kinu kilichopinduliwa, akawa ndiye bosi.

"Wewe, hii barua umeandika kwa mkono au kwa kiwiko?"

"Kwa mkono, bwana."

"Mbona umevimba shavu? Toka nje, uingie tena na uso mwingine."

Mimi nilikuwa nikichungulia dirishani na kidato cha nne changu, nikiwacheka. Akaniambia, "Wewe usiingie. Wewe utaajiriwa na mdomo wako." Ndiyo hii kazi.

Somo alilolipenda zaidi lilikuwa hili: mambo ya nyumbani yaache mlangoni. Bosi hataki kujua shangazi yako anaumwa nini.

Sasa sikilizeni vizuri. Msimu uliopita mwanafunzi wake mmoja, Ochom, alipata nafasi katika kampuni moja inayonunua pamba. Kampuni siitaji. Ochom alikuwa ametoka tu kuoa. Akawekwa kwenye mizani, wakulima wamepanga foleni, pamba imemwagwa uwanjani kwenye maturubai. Akainua macho. Katika foleni, na mzigo wake kichwani, amesimama mama mkwe wake.

Wa kwetu wanajua. Mama mkwe humtazami usoni. Humpokei kitu mkononi. Ukikutana naye njiani, unaingia kichakani. Ochom hakuwa na kichaka. Akakimbia ndani ya ghala, akajificha nyuma ya marobota, akakaa huko. Mizani ikabaki peke yake. Foleni ikasimama. Ikaja mvua yetu ya alasiri, ile isiyobisha hodi, ikainyeshea pamba yote ya siku ile.

Meneja, ambaye si mtu wa huku, alimuuliza, "Kwa nini uliondoka?" Ochom akanyamaza. Angesema nini? Mambo ya nyumbani aliyaacha mlangoni. Alitii mila, akamtii na mwalimu wake. Akafukuzwa. Na meneja akapeleka habari kwa ofisi zote, kuanzia Malaba hadi Busia: wanafunzi wa Emojong wasichukuliwe.

Hapo ndipo anapoingia Amoding, mwanafunzi mwingine wa Emojong. Amoding ni binti wa Moding, anasoma mambo ya biashara, na mwaka huu ilikuwa zamu yake kutafuta ofisi. Kila mlango ukafungwa.

Emojong akapanda baiskeli kwenda kwa meneja. Amoding alikuwa naye, na ametuambia walivyozungumza.

"Kosa ni langu," mwalimu akasema. "Kijana alikimbia mkwe. Nilimfunza asiseme."

"Mwalimu, unataka kuniambia kila mtu mwenye mkwe ni hatari kwa pamba yangu?"

"Huyu binti hajaolewa."

"Ataolewa," meneja akasema, akafungua mlango watoke.

Wakaenda Busia, kwa Mzee Kassim mwenye malori. Kassim alikubali mara moja. "Mlete, mwalimu. Nina malori, nina turnboi wa kupakia mizigo, nina kelele. Ofisi ndiyo sina." Chuo kikakataa. Kinataka ofisi, kinataka mkubwa mwenye cheti.

Mwalimu akarudi Malaba. Akaenda tena Busia. Alikuwa akikohoa tayari. Mkewe, Mama Roselida, alimwambia apumzike. Anasema, "Nilimficha pampu ya baiskeli. Akaenda kwa miguu hadi Adungosi, akaazima baiskeli ya mtu."

Siku hiyo mvua ilimkuta njiani. Alirudi amelowa, ameshika kifua. Homa ya mapafu. Mama Roselida anasema hakuuliza dawa. Aliuliza kama Amoding amepiga pasi nguo yake. "Nikamwambia amepiga. Akasema, vizuri, kesho tunajaribu ofisi ya reli." Hiyo kesho hakuamka.

Siwezi kuwaambia kwamba meneja alilainika. Hakuja matangani. Siwezi kuwaambia kwamba reli ilimchukua Amoding. Ochom alikuja, akachimba kaburi pamoja na wengine. Amoding alisimama pembeni na ile nguo iliyopigwa pasi.

Kwako Mama Roselida, pole sana. Kwenu watoto wake, na ukoo wote wa Chakol, poleni. Mungu amlaze pema. Sisi tuliobaki tujiulize: tunawapeleka watoto shule, wakifika mlangoni pa kazi, ni nani anawafungulia? Na akikosea mmoja, ni haki kumfungia na mwenzake?

Wapendwa, chuo kimempa Amoding hadi Ijumaa hii. Ikipita Ijumaa, jina lake linafutwa. Leo ni Jumanne. Yuko hapa mbele yangu studioni, ameketi wima, hajaegemea kiti. Nimejaribu kumchekesha, nimeshindwa. Kama una ofisi Busia, Malaba, au popote sauti hii inafika, na una nafasi ya mtu mmoja, tupigie.

Ni desturi hapa kunyamaza kidogo kwa ajili ya marehemu. Leo tutanyamaza. Lakini mimi sitafumba macho. Nitakuwa naitazama simu.