Risala ya Wafumaji wa Alhamisi kwa Meya wa Hjortaby, Kuhusu Mtambo Aliokuja Kukabidhiwa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Gunilla Ekenstam, Meya wa mji wa Hjortaby kule Sweden, Bwana Kellan Marsh, Mkurugenzi wa Makumbusho yetu, Mchungaji, wajumbe wa bodi, majirani wa Norrdal na wa mashamba yote ya ng'ambo ya ziwa:

Sisi Wafumaji wa Alhamisi wa Makumbusho ya Wahamiaji wa Kiswidi tunakusalimu kwa heshima na kwa furaha. Anayesoma ni Ardis Norling, katibu wa kikundi. Mtaniwia radhi sauti ikitetemeka, kwa sababu tangu Jumatatu hatujatulia.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Minnesota. Umetukuta sikukuu ya katikati ya kiangazi, na mlingoti wetu wa maua umesimama hapo nje unanyeshewa kama ilivyo kawaida yake. Watoto watauzunguka hivyo hivyo na makoti ya mvua.

Jana jioni ulikula nasi katika ukumbi wa chini wa kanisa. Ulipoletewa kahawa ukasema hapana, asante. Ukabembelezwa, ukasema ukinywa hutalala. Ukabembelezwa mara ya tatu, ukasema haya basi, nusu kikombe. Ukanywa vikombe viwili vizima, na wanawake wa jikoni wakatazamana wakatabasamu. Hapa kwetu ndivyo mtu mwenye adabu anavyokunywa kahawa, na tulikuwa hatujui kama huko kwenu mambo bado ni hayo hayo. Tunaomba ulishike hilo moyoni, kwa sababu matatizo yetu yote yanatoka hapo.

HISTORIA FUPI

Makumbusho haya yalikuwa kiwanda cha siagi. Kiwanda kilipofungwa, wazee wetu waliosha sakafu kwa maji ya moto majira yote ya baridi, na bado siku za joto kali utasikia harufu ya maziwa karibu na mlango wa nyuma. Ndani wakaweka masanduku waliyokuja nayo wahenga, yale ya mbao yaliyoandikwa jina la mwenyewe kwa rangi. Wakaweka viatu vya mbao, vitabu vya sala, na jiko la chuma ambalo mpaka leo hakuna anayekubali kwamba lilitoka nyumbani kwake, maana lina ufa.

Na wakaweka mtambo wa kufumia. Uko nyuma ya pazia hili. Mjane mmoja wa Hjortaby, Stina Jonasdotter, aliufungua vipandevipande akausafirisha hadi hapa. Kitanda chake alikiacha, meza akaiacha, mtambo akaja nao. Alipoulizwa atalala wapi alijibu kwamba kwanza atafuma cha kulalia.

Stina ndiye aliyeanza desturi yetu. Mtu akifariki hapa, nguo zake hazitupwi wala hazigawiwi. Familia inazileta, tunazichana vipande virefu, tunazifuma zulia la matambara, na zulia linarudi nyumbani kwa wafiwa likatandikwe jikoni. Pale ndipo watu wanaposimama kutwa nzima. Wengine wetu tunaosha vyombo tumesimama juu ya mashati ya baba zetu, na tunaona ni jambo la kawaida.

MAFANIKIO

Bwana Marsh alitushauri sehemu hii iwe ndefu. Tutajitahidi.

Kila Desemba, alfajiri ya siku ya Mtakatifu Lusia, msichana mmoja huvaa taji la mishumaa akaongoza wenzake wakiimba. Siku hizi mishumaa ni ya betri, baada ya nywele za binti wa Mchungaji kushika moto kidogo. Nywele zimeshaota vizuri, na binti yupo pale nyuma, msimwangalie. Vuli tunaandaa karamu ya samaki aliyelowekwa magadi. Wageni huja kutoka mbali kumla, wengine mara moja tu. Watoto wa shule hulala hapa usiku mmoja, wakala uji na kuandika barua kana kwamba ndio kwanza wameshuka melini. Mtoto mmoja aliandika, "Mama, Amerika ni baridi na hakuna wifi." Barua hiyo tumeitundika ukutani.

Tena tunamshukuru Bwana Marsh mwenyewe. Alikuja kutoka Arizona hajui kuvaa glavu, na leo paa halivuji kwa juhudi zake. Ni mtu mwema. Tunalisema hilo sasa kwa sababu yanayofuata hajayasoma. Alituomba risala mapema ili aipitie, tukampa hadi hapa. Kinachobaki tumekiandika asubuhi ya leo.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, Jumatatu tulifika kazini tukakuta mafundi wawili wanaupima mtambo kwa ajili ya kreti. Tuliwauliza kreti ya nini. Wakasema ya kwenda Sweden, zawadi ya Meya. Mmoja alikuwa ameshika mkasi. Alituuliza kwa upole nyuzi hizi aanze kuzikatia wapi.

Mtambo ule haukuwa mtupu. Ulikuwa umetandwa nyuzi, na juu yake lilikuwepo zulia limefika katikati. Zulia hilo ni la Orvin Hallquist.

Orvin alitutoka majira ya baridi, katikati ya dhoruba ya theluji, na ilibidi jirani alete trekta ili Mchungaji aweze kufika. Mkewe, Bi Signe Hallquist, ndiye fundi wetu mkuu. Amefundisha karibu kila mfumaji aliyemo ukumbini humu, na mazulia ya wafu wetu wengi yamepita mikononi mwake. La Orvin alisema atalifuma peke yake. Ovaroli za zizini zimeshaingia, na mashati ya mirabamiraba. Bado suti ya harusi, ambayo ameshaichana na iko kwenye kikapu. Nyuzi zikikatwa sasa, kilichofumwa kitabaki kipande, na kilichochanwa kitabaki matambara. Suti iliyochanwa hairudi kuwa suti, na Orvin hana nyingine.

Bi Signe hakupiga kelele. Alimpita yule fundi, akakaa kwenye benchi la mtambo, akaweka mkoba wake mapajani. Hakuinuka mpaka jioni. Tulimletea mkate, tukamletea maji, hakugusa. Tumemjua maisha yetu yote na hatujawahi kumwona akikalia kitu kwa hasira.

Tukamwendea Bwana Marsh. Mshtuko alioupata yeye ulizidi wetu. Alitoka ofisini uso umempauka.

"Lakini niliwauliza," alisema. "Kwenye kikao, nyote mkiwepo. Nilimuuliza Mama Signe mwenyewe."

Ni kweli, aliuliza. Mwezi Machi, kwenye kikao, alieleza kwamba makumbusho ya Hjortaby yanafunguliwa upya, na kwamba ingependeza mtambo urudi ulikozaliwa. Akamgeukia Bi Signe akauliza kama wafumaji wangependa ubaki. Bi Signe akajibu kama alivyolelewa. Alisema, "Aa, usijisumbue kwa ajili yetu." Sisi sote tukaitikia kwa kichwa, tukangoja aulize tena. Akauliza ajenda inayofuata.

Verner Osterlund, mwanamume pekee katika kikundi chetu, ndiye aliyemjibu hiyo Jumatatu. Alimwambia, "Uliuliza mara moja tu, kijana wangu."

"Ndiyo. Kwani huulizwa mara ngapi?"

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumweleza mtu jambo hilo. Sisi tulikuta mama zetu wakikataa mara mbili na kukubali ya tatu, tukadhani dunia nzima inafanya hivyo. Miezi yote hiyo Bwana Marsh alijua tumekubali, nasi tulijua anatafuta nafasi ya kuuliza tena. Tulikuwa tukiambiana kwamba ni mtu wa shughuli nyingi.

Na aibu yetu haikuishia hapo. Bwana Marsh alituambia kwamba tayari habari imetoka kwenye gazeti la Hjortaby, na wewe, mgeni rasmi, uko njiani, na kukunyang'anya zawadi mbele ya watu kungekuwa fedheha. Kisha akatuuliza kwa dhati kabisa kama tunataka azuie. Tukamjibu nini? Tukamjibu, wote kwa pamoja, kwamba la, la, haifai kumwaibisha mgeni. Akatushika mikono, akatushukuru kwa kuelewa. Tulifika kwenye maegesho ndipo tukashtuka tulichokifanya. Delphine Strand aliegemea gari lake akacheka mpaka akalia, na alipoanza kulia hatukuweza kumnyamazisha.

Kwa hiyo hali ndiyo hii. Mafundi wako nje kwenye lori. Mkasi wanao. Sherehe ikiisha wataingia.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunajua umetoka mbali kuuchukua mtambo huu. Tunajua seremala aliyeuchonga alikuwa wa kwenu, na kwamba mmemwandalia Stina chumba kizima. Bwana Marsh ametuonyesha picha yake. Ni chumba kizuri, chenye taa nzuri, na kamba nyekundu mbele yake ili watu wasiguse. Kamba ile ilitushtua karibu sawa na ule mkasi. Mtambo ukifika huko hakuna atakayeketi kwenye benchi lake tena, na hapa watu bado wanakufa, na nguo zao bado zinaletwa.

Tunaomba, kwa unyenyekevu wote, usiupokee.

Tumefikiri jinsi ya kulifanya hilo bila mtu yeyote kufedheheka, na tunaona inawezekana. Muda si mrefu Bwana Marsh atasimama, atavuta pazia, atakuuliza kama utakubali kupokea zawadi hii kwa niaba ya watu wa Hjortaby. Wewe jibu tu kama ulivyojibu jana kuhusu kahawa. Sema hapana, asante, msijisumbue. Tunakuhakikishia kwamba hatauliza mara ya pili.

Bwana Marsh, usikunje uso. Tunakupenda. Kuanzia wiki ijayo tutakufundisha, na wewe utatufundisha sisi kusema ndiyo na hapana, maana imedhihirika kwamba hatujui.

Wewe, mgeni rasmi, hutaondoka mikono mitupu. Tunakukaribisha ulete nguo za mtu wako uliyempoteza, yeyote yule, tukufumie zulia kwenye mtambo wa Hjortaby, na hilo ulitandike katika chumba kile. Ila kamba tunaomba iondolewe, watu walikanyage.

Tulikuwa tumemaliza kuandika, na karatasi imeshakunjwa, Bi Signe alipoingia. Tangu Jumatatu alikuwa hajatuambia neno kuhusu jambo hili. Tulimsomea yote tangu mwanzo. Alisikiliza hadi mwisho akasema tumeandika vizuri, ila maneno ni mengi, na kuna moja limekosekana. Tulimuuliza lipi. Mwanamke huyu alimzika mumewe na theluji ikimfika magotini, na watu walipomuuliza kama anahitaji chochote alisema hapana, asante, mara tatu zote, na sisi tukarudi nyumbani tukamwacha.

Alisema, "Andikeni kwamba nautaka."

Tumeandika, mgeni rasmi. Ameketi mstari wa mbele, koti la bluu, mkoba mapajani. Anautaka.

Mungu akulinde njiani, awape watu wa Hjortaby kiangazi kirefu na mavuno mema, awalaze pema wote tuliokwisha kuwafuma, na akupe wewe kinywa chepesi dakika chache zijazo.

Ni sisi, 
Wafumaji wa Alhamisi, 
Makumbusho ya Wahamiaji wa Kiswidi, Norrdal.