Shangazi Anatundika Mwiko

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Shangazi anatundika mwiko. Ametupikia miaka ishirini na nane katika jiko la kiwanda chetu cha samani, na kama wewe ni mfanyakazi wa hapa na una nguvu za kubeba ubao, sehemu ya nguvu hizo imetoka mikononi mwake. Watu wa ofisini walitaka kuandika maneno haya wenyewe. Nikawaambia wampishe aliyeosha masufuria yake. Mimi nimesema, karani ameandika.

Alipoanza kazi, jiko lilikuwa banda la mabati nyuma ya chumba cha kukaushia mbao. Siku hizo upendo ulipimwa kwa mafuta. Mchuzi usiong'aa haukuitwa mchuzi, uliitwa maji ya kunawia. Shangazi aliwapenda watu, kwa hiyo aliwamiminia. Nyama ilikaangwa, ikaungwa, kisha ikaongezwa mafuta juu ili isione baridi. Chumvi ilikaa kila meza, na watu waliinyunyiza kabla hata ya kuonja. Asubuhi nilikwangua masufuria, mafuta yameganda meupe kama mshumaa, na sabuni ya mwezi ilikwisha mwezi ukiwa bado mchanga. Aliyelalamika ni mikono yangu tu.

Wote mnamjua mdogo wake, msimamizi wa chumba cha kupasulia mbao, tunayemwita Msumeno kwa sababu mdomo wake hukata ukienda na ukirudi. Baba yao alikufa kwa ugonjwa wa moyo, bado ana nguvu za kulima. Kaka yao mkubwa akafuata, ghafla vilevile, akiwa anafunga viatu aende kazini. Msumeno ndiye ndugu pekee aliyebaki. Basi siku moja akapanda ngazi za stoo, akakaa katikati ya ngazi, mkono kifuani, jasho linamtiririka, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema. Hapo tukajua mambo si mazuri.

Hospitali daktari alieleza taratibu. Mishipa ya moyo imeanza kuziba, presha iko juu. Dawa ni za kila siku, sigara basi. Chumvi na mafuta yapungue. Maharage, dengu, mboga za majani, matunda na nafaka zisizokobolewa ndivyo viwe chakula chenyewe, visikae pembeni ya nyama kama wageni wasioalikwa. Na atembee. Msumeno alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia dada yake.

"Dada, mimi si mbuzi."

Shangazi alicheka pale kando ya kitanda. Tulipotoka nje akashika nguzo ya baraza akalia mpaka upande wa kanga ukalowa. Mimi nilimshikia mkoba. 

Nisimsifu mno akavimba kichwa: alianza vibaya. Jumatatu yake aligeuza kila kitu kwa siku moja. Nyama hakuna, mafuta hakuna, chumvi imeondolewa mezani, mboga zimechemshwa zikalegea kama tambara langu. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Watu waliangalia sahani, wakaangaliana, wakatoka nje ya geti kwenda kula vya kukaanga kibandani. Aliyewaongoza ni Msumeno, na mkanda wa hospitali bado uko mkononi. Sufuria lilirudi kwangu limejaa, siku hiyo na siku zilizofuata. Meneja akasema jiko lisilolisha mtu halina kazi, na kama hali ni hiyo atalifunga. Shangazi akaona vizuri kabisa mwisho wake: jiko likifungwa, mdogo wake atakula kibandani kila siku mpaka amfuate kaka yao.

Akarudisha chumvi mezani. Akarudisha nyama. Akaomba radhi, watu wakarudi wakimcheka, naye akacheka nao. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba hakukubali kushindwa, maana sufuria halijui kuficha. Wiki baada ya wiki lilikuwa jepesi kuosha. Kijiko cha mafuta kilipungua, kisha kikapungua tena. Chumvi nayo ikapunguzwa kidogo kidogo, na vitunguu vilivyokaushwa motoni, nyanya, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu vikashika nafasi yake, ulimi usidai kitu. Nyama ikawa ya siku chache, halafu ikawa ya kuonja, na dengu zikajaza pale ilipotoka. Nilipomtazama, alinipa jicho moja tu. Nikafunga mdomo nikaosha vyombo.

Matunda yalikuwa na kesi yake. Aliweka beseni la machungwa mlangoni, ya bure, hakuna aliyegusa. Akalihamishia karibu na dirisha, akatangaza kwamba hayo ni ya wakubwa wa ofisini, mtu asithubutu. Kufika jioni beseni tupu. Tangu hapo ofisi haijaonja chungwa, na watu wa chumba cha rangi na vanishi wanajiona wezi hodari.

Chai ya Msumeno nayo Shangazi alikataa kuipeleka. Alisema miguu inamuuma. Ilimbidi bwana mkubwa avuke uwanja wote kuifuata, asubuhi na alasiri, akinung'unika njia nzima. Baadaye alizunguka mpaka ghala la nyuma kabla ya kuinywa, kwa hiari yake, akidai anakagua mbao.

Siri ilitoka Shangazi alipokwenda likizo kumwogesha mjukuu mchanga. Alikuja mpishi wa kushikiza, baba mmoja mwenye heshima zake, akauliza watu wa hapa wanakulaje. Wakamjibu kwa fahari: nyama, mafuta ya kutosha, chumvi isijifiche. Walisema walichoamini. Naye akapika alichoambiwa. Siku ya kwanza walishangilia. Siku ya pili sahani zikarudi na mafuta yakielea, watu wanasinzia kwenye mashine, matumbo mazito kama magogo. Siku ya tatu Msumeno mwenyewe alibeba sahani yake mpaka dirishani, akauliza kama hicho ni chakula au ni cha kupigia vanishi. Wakataka chakula chao, kile cha Shangazi. Maskini yule mpishi akanigeukia mimi, nami nikamwonyesha ni kiasi gani cha mafuta anachotumia Shangazi. Kijiko kile kidogo kila mtu alikiona.

Shangazi aliporudi, Msumeno alimfuata mpaka mlango wa jiko. Hakuna aliyekula, sote tulisikiliza.

"Ulinidanganya, dada."

"Nilikupikia," akajibu, akaendelea kukata kitunguu.

 Msumeno akachukua kisu kingine, akakata naye.

Mtu asije akasema nimesema dengu humfufua mtu. Msumeno anameza dawa zake na kliniki haikosi. Sigara ilimtesa kuliko chakula, aliiacha akairudia, akaiacha tena, na safari hii imekubali kuachwa. Lakini presha imeshuka, ngazi za stoo anazipanda akitukana watu bila kuhema, na mwaka huu amefikia umri ambao baba yake na kaka yake hawakuufikia. Wengi wetu tumebadilika naye bila kuombwa ruhusa. Mimi pia. Magoti yangu ni yaleyale, ila tumbo limepungua, viatu vyangu vinafungika.

Shangazi, asante kwa kila sahani, hata ile mboga ya Jumatatu ambayo sijaisahau wala sijaisamehe. Ijumaa usiguse jiko. Msumeno amesema maharage ya kukuaga atapika yeye, hataki msaada, na wewe utakaa mezani kama mgeni. Kijiko kikubwa cha mafuta nimekificha, nitampa kile kidogo. Sufuria nitaliosha mimi, nalo litanieleza kama amefuzu.

Nenda salama, mwenzangu. Miaka yako iliyobaki iwe mingi na miepesi, na safari hii ule cha kupikiwa.