Watoto Wawili wa Zeffa Gentles

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Mount Tirzah na ninyi mliotoka mbali, familia ya Gentles imemtuma Ivorine, ndiye mimi, dada wa marehemu, asimame hapa uani awasomee maisha ya kaka yake, na mnamjua Ivorine, kusoma kwake ni kwa kuburuza na mdomo wake hauna breki, basi mvumilieni, mwenye haraka aende jikoni aulizie supu ya mbuzi, ingawa haijaiva.

Zephaniah Gentles, jina ambalo aliitwa na mama yake peke yake, tena akikasirika, sisi wengine tulimwita Zeffa, alizaliwa tarehe 3 Novemba 1948 hapahapa Mount Tirzah, jimbo la Saint Elizabeth, kisiwani kwetu hapa, kwenye chumba kile cha mbele chenye dirisha la buluu, akatoka na kichwa kikubwa mpaka mkunga akauliza kama ndani kuna mwingine, na ndani hakukuwa na mwingine, kilikuwa kichwa tu.

Alianza shule ya msingi ya hapa mwaka 1955, akaiacha 1961 baba yetu alipougua, na hakuilaumu shule wala shule haikumlilia, akaenda kujifunza uashi kwa mjomba, na kuanzia 1966 kazi yake ikawa kujenga makaburi, haya ya zege tunayowazikia watu wetu nyuma ya nyumba zetu, na hakuna ua kutoka hapa mpaka baharini usiokuwa na kaburi la mkono wa Zeffa. Kabla ya tofali la kwanza alikuwa anamwaga ramu kwenye msingi, tone moja la marehemu, chupa iliyobaki ya fundi, na mtu akimuuliza mbona marehemu kapunjwa, anajibu, “Yeye leo hafanyi kazi.”

Mwaka 1972, tarehe 20 Agosti, alimpata mtoto wa kiume, Winslow, kwa Verona binti wa fundi cherehani, na Verona akaondoka naye kwenda Birmingham, Uingereza, mwaka 1977, Zeffa akawasindikiza, akarudi peke yake, na kila Krismasi alikuwa anatuma keki iliyolowa ramu, iwapo ilikuwa inafika Winslow mwenyewe anajua, yupo pale mbele, amevaa suti nzuri.

Mwaka 1981 Almarine Swaby akahamia kwa Zeffa na sufuria zake na ufagio wake, na hapa msijifanye hamjui, walikaa miaka thelathini bila cheti na hakuna aliyeshangaa, ndivyo tunavyokaa huku, cheti baadaye, chai kwanza. Mungu hakuwapa mtoto wa tumboni, lakini mwezi Julai 1989 mwanamke mmoja wa ng’ambo ya mto alimwacha binti yake wa miaka mitatu kwa Almarine, akasema anakwenda mjini na Jumatatu atarudi, na Jumatatu hiyo haijafika mpaka leo, na mtoto huyo ndiye Delrosa, aliyebebewa maji ya kuoga na Zeffa, aliyepelekwa shule mgongoni kwa Zeffa mvua ikinyesha, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza ni wa nani, hakuna aliyekumbuka kwenda mahakamani kumwandikisha.

Ila Zeffa hakuwa mjinga, kimbunga kilipoezua paa mwaka 2004 aliogopa, akaandika wosia, mwalimu mkuu na muuguzi wa zahanati wakawa mashahidi, kwamba nyumba na ardhi ni ya Almarine mpaka afe, halafu ya Delrosa, akautia wosia kwenye kopo la biskuti, na tangu hapo akawa mtu wa kujigamba, ukimkuta baa anakwambia, “Nyie mtawaachia watoto wenu ngumi, mimi nimewaachia karatasi.”

Sasa Almarine akaokoka, na mchungaji wa wakati ule, siye huyu, akakataa kumpa meza ya Bwana maadamu analala na mwanamume ambaye hajamvisha pete, Almarine akalia wiki nzima, Zeffa akasema basi mama, twende, wakafunga ndoa tarehe 18 Juni 2011 kanisani hapo chini, bibi harusi ana miaka hamsini na minane na gauni jeupe, Delrosa ndiye aliyeoka keki, na Zeffa alicheza mpaka kiatu kikaachana na soli, ilikuwa siku nzuri kuliko zote za maisha yake, na hiyo ndiyo siku iliyomharibia.

Hakujua, maskini. Almarine alifariki tarehe 2 Februari 2017, Zeffa akamjengea kaburi mwenyewe, lile pale lenye vigae vyeupe, na Jumamosi moja ya Machi 2022 akaja mwanasheria mwanamke kwenye ukumbi wa kanisa, kufundisha watu bure habari za wosia, Zeffa akasimama na kifua mbele kama jogoo, akasema yeye alishamaliza zamani, na mwanasheria akamuuliza kwa upole, “Mzee, uliandika kabla ya ndoa au baada ya ndoa?”

“Kabla. Mke mwenyewe nilimwandika humo.”

“Basi siku uliyofunga ndoa, mzee wangu, wosia ule ulikufa. Ndoa inafuta wosia wa nyuma.”

“Unakufaje, na mimi niko hai?”

Ukumbi ukacheka, Ivorine ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote, Mungu amsamehe, halafu yule mwanasheria akaeleza kwamba bila wosia mpya, na mke ameshatangulia, kila kitu kitakwenda kwa mtoto wa damu, na Delrosa mbele ya sheria ni mgeni aliyelala muda mrefu, hapo kicheko kikakatika, Zeffa akaketi taratibu kama mtu anayeketi juu ya maji.

Mtauliza, si angeandika mwingine, kalamu bei gani? Tulimwambia hivyohivyo. Lakini Zeffa aliona akiandika upya ni kama anamwambia Almarine kwamba ndoa yao ilikuwa kosa, akasema lazima kwanza amwombe ruhusa, ikawa kila asubuhi anakwenda kukaa kaburini na vikombe viwili vya chai, chake anakunywa, cha pili anakimwaga, anasubiri. Na tangu mwaka ule ufagio ukawa unasikika uani kabla hapajapambazuka, shwa, shwa, shwa, Delrosa akifungua mlango hakuna mtu na majani ya mshelisheli yamekusanywa pembeni, na Zeffa akiulizwa anasema, “Mwenzangu anafagia. Hajanijibu bado.”

Hakujibiwa, au alijibiwa akachelewa kusikia. Tarehe 14 Novemba 2023 kiharusi kilimwangusha akiwa na mwiko wake wa uashi mkononi, ulimi ukafa, mkono wa kulia ukafa, Delrosa akaacha kazi ya hoteli akabaki nyumbani kumlisha uji na kumgeuza, akaitwa yule mwanasheria, akakaa na Zeffa mara tatu, akasema hata alama ya kidole ingetosha, lakini lazima aonyeshe anaelewa, na Zeffa alimtazama tu Delrosa machozi yakitiririka masikioni, na machozi hayatii sahihi. Alifariki Jumamosi tarehe 11 Mei 2024, hospitalini, Delrosa akiwa amemshika mguu.

Desturi yetu mnaijua, mtu akishafariki tunageuza kitanda chake, kichwa kinakwenda penye miguu, kabati linahamishwa, ili mwenyewe akirudi asikitambue chumba aende zake. Winslow alifika Jumanne, akalala humo kwa kuwa ni kwake, na Jumatano alfajiri akamjia Ivorine jikoni, sanduku la safari mkononi, uso umekuwa majivu, akauliza, “Shangazi, nani anachanganya zege saa hizi?”

“Hakuna anayechanganya zege, mwanangu. Fundi yuko mochwari.”

“Mwiko unakwaruza nje ya dirisha! Nimeusikia mimi! Geuzeni hicho kitanda leo hii, aondoke, nina mnunuzi wa nyumba anakuja Alhamisi ijayo.”

Wanaume wanne wakaitwa kugeuza kitanda, na hapo Delrosa akasimama mlangoni, yeye ambaye hajawahi kuinua sauti, akasema, “Akiondoka yeye, nani mwingine ananisemea?” na wale wanaume wakaangaliana, wakavaa kofia zao wakaenda.

Karatasi ya ratiba mliyoshika, ambayo Winslow ameilipia na tunamshukuru, imeandikwa kwamba marehemu ameacha mtoto mmoja. Ivorine aliambiwa asome kama ilivyo. Marehemu ameacha dada mmoja, Ivorine, na watoto wawili, Winslow na Delrosa, wawili, mmoja sheria inamjua na mmoja ua huu unamjua, na Winslow baba, hakuna anayekuchukia hapa, kalamu ya kumwandikia Delrosa sasa iko kwako, baba yako hakuisogeza kwa sababu alikuwa anasubiri aambiwe, wewe umeshaambiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mwanasheria aliyepanda mlima huu mara tatu bila kudai hata nauli, majirani waliochimba, mafundi wenzake waliojenga kaburi hili usiku na mchana na kumwaga ramu kwa kipimo chake, na wanawake walioko jikoni.

Wengine wakifikishwa hapa tunawaambia pumzika kwa amani, na wewe tutakuambia siku yake ikifika, lakini leo, Zeffa, kaka yetu, usipumzike kwanza, kitanda kiko palepale ulipokiacha, rudi nyumbani.