Ndoo ya Mawe na Farasi Aitwaye Biskuti

Bwana asifiwe, wapendwa! Na asifiwe tena, maana mimi huhesabu kila kitu mara mbili.

Mchungaji alinipa dakika tano za kushuhudia Jumapili. Nikamwomba ishirini. Akapanda hadi saba, nikashuka hadi kumi na tano, tukapeana mikono kwenye kumi. Lakini nilipofika nyumbani Fridley, huku Marekani, niliujaribu ushuhuda wangu jikoni, mara mbili, na mara zote mbili ukapita dakika kumi. Ndiyo sababu nimeuandika. Karatasi haina mzee wa kanisa wa kusimama nyuma na kunionyesha saa yake.

Ndugu zangu, wengine wenu mmetolewa kwenye pombe, wengine kwenye magonjwa. Mimi nilitolewa kwenye ndoo ya mawe. Msicheke bado.

Mnaonijua mnajua kwamba Nakuru niliuza mitumba miaka kumi na mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia mteja, "Chukua hii sweta, hata mimi ninayo kama hiyo nyumbani," na nyumbani sina. Nilikuwa na bei za mwisho tatu, na baada ya hizo nilikuwa na nyingine ya kukufukuzia ukiwa umeshageuka kuondoka. Sikuona kama huo ni uongo. Niliona ni sauti tu, sauti ya kumleta mtu karibu. Akishafika karibu, tutajuana. Nikaja na sauti hiyo Minnesota. Pale uwanja wa ndege walipekua begi langu lote, lakini mdomo hawakuupekua.

Na Mungu je? Nilimwendea na sauti ileile! "Bwana, nipe kazi ya mchana, na kila Jumapili nitakuwa wa kwanza kanisani." Bwana akanipa kazi ya mchana. Nikawa wa kwanza kanisani Jumapili mbili. Nimehesabu tena, ni mbili. Halafu nikachukua shifti za wikendi.

Binti yangu Makena ana miaka kumi na saba na anapiga fidla. Shule yao huwa na matamasha, na kila tamasha nilimwambia, "Nitakuja, mami." Nilikuwa nasema nimekosa matatu. Makena akanihesabia upya, kwa Kiingereza chake cha pole pole: manne. Mwezi wa kwanza akaniambia, "Mum, usiseme tena utakuja. Sema hapana, ili nijue." Kisha akaniambia shule ikifungwa anataka kuhamia kwa shangazi yake Dallas, amalizie masomo huko. Begi akalitoa kabatini, akaliweka karibu na mlango wa chumba chake. Lilikuwa tupu bado, lakini zipu ilikuwa wazi.

Ndugu zangu, kila nikipita pale kwenda bafuni nilitazama kama zipu bado iko wazi. Nilikuwa nampoteza mtoto chini ya paa moja, na dawa niliyoijua ni moja tu, kuahidi zaidi.

Sasa tuje kwa farasi.

Kazi ile niliyoipata ni ya kumtunza mama mmoja mzee aliyeanguka akavunjika nyonga, karibu na mji wa Anoka. Siku ya kwanza nilimwita Mama Marlene. Akasema, "Mimi si mama yako." Nikamwambia kwetu siwezi kumwita mtu wa umri wake kwa jina tupu kama namwita paka. Akafikiri. "Na hao farasi wangu utawaitaje?" Nikasema tutazungumza. Kumbe hakuwa na haja kubwa ya kuogeshwa wala kuvalishwa. Haja yake ilikuwa farasi sita nyuma ya nyumba na yeye anatembea na fremu ya chuma.

Mimi farasi nilikuwa nimemwona kwa mbali tu, akiwa amepandwa na polisi. Kwa karibu ni mnyama wa ajabu, na nilianza kuuliza maswali mengi kuliko mtoto wa chekechea. Je, mnajua farasi haoni kilicho mbele ya pua yake kabisa? Macho yamekaa pembeni, anaona karibu dunia nzima, lakini akitaka kujua unachomshikia mdomoni lazima anuse na kupapasa kwa midomo. Mnajua analala amesimama? Mnajua masikio yake yanakwenda kila moja upande wake, moja likikusikiliza wewe na la pili likisikiliza kama wewe ni mtu wa kusikilizwa? Nilikuwa nikisimama pale nimeshika koleo la kuzolea mavi nikijiuliza, Bwana alipokuwa anamuumba huyu alikuwa anawaza nini?

Kati ya wale sita alikuwepo jike mmoja wa rangi ya hudhurungi, mnene, jina lake Biskuti. Sikumpa jina hilo mimi. Mwezi wa kumi na mbili ukwato wake ulikuwa na jipu, na kila siku ilibidi akamatwe, mguu utiwe kwenye maji ya chumvi. Farasi wengine ukitikisa ndoo ya nafaka wanakuja mbio. Biskuti pia. Ila daktari wa mifugo alikuwa amekataza asipewe nafaka kila mara, kwa unene wake.

Hapo akili ya soko ikaamka! Nikaokota kokoto pale magari yanapoegeshwa, nikazitia ndooni. Nikatikisa. Ndugu zangu, mlio ni uleule! Biskuti akaja, masikio mbele, nami kamba nimeificha nyuma ya mgongo. Nikamkamata. Siku ya pili pia nikamkamata. Nikajipongeza sana, Wazungu hawa wana mashamba lakini hawana ujanja.

Siku ya tatu akaja pole pole, akaingiza pua yote ndani ya ndoo. Akapapasa zile kokoto kwa midomo, moja moja, kama mtu anayetafuta chenji. Kisha akainua kichwa, akanitazama kwa jicho moja, akaenda zake.

Tangu siku hiyo hakuja tena nikimwita. Kumkamata ilinibidi kumzungusha uani saa nzima hadi kumbana kwenye kona, wote wawili tukitoa moshi puani. Mama Marlene alikuwa akiuliza kutoka dirishani, "Rhoda, mbona Biskuti amekuwa mkaidi?" Nami nikamjibu, "Labda ni baridi." Hata ukwato ulipopona, ndoo ile ya mawe niliiacha imening'inia pale mlangoni mwa banda. Mfanyabiashara hatupi kitu.

Ikafika mwezi wa tatu, theluji inayeyuka. Asubuhi moja nilikwenda nyuma kuhesabu. Watano. Nikahesabu tena. Watano. Lango la upande wa bwawa lilikuwa wazi, na mnyororo wake nilikuwa nimeufunga mimi jana yake, kwa haraka, bila kuuangalia mara ya pili. Siku moja tu sikurudia!

Biskuti alikuwa katikati ya bwawa, juu ya barafu, amefuata matete yaliyokauka upande wa pili. Ile barafu haikuwa nyeupe tena, ilikuwa ya kijivu, na pembeni maji yalikuwa yanaonekana. Nilisikia ikilia, sauti kama mlango mkubwa unaofunguliwa mbali.

Nikampigia simu Mama Marlene ndani ya nyumba. "Usimfuate!" akapiga kelele. "Mkiwa wawili itapasuka! Naita wazima moto. Mwite wewe, Rhoda. Mwite tu aje!"

Mwite tu aje. Ndugu zangu, neno jepesi namna hiyo! Nilikimbia bandani nikanyakua ndoo ya kwanza iliyogusa mkono wangu, nikarudi, nikatikisa kwa nguvu zangu zote. Biskuti akainua masikio. Akanitazama. Kisha akageuka, akaongeza hatua moja kwenda mbele, kwenye barafu iliyokuwa mbaya zaidi.

Nikatazama ndani. Mawe!

Uongo wangu wa mwezi wa kumi na mbili ulikuwa unamsukuma yule mnyama majini mwezi wa tatu. Nikaitupa ile ndoo. Nikarudi mbio, nikajaza nafaka ya kweli, hadi juu, nikatikisa. Hakugeuka. Na kwa nini ageuke? Mlio ni uleule! Mimi mwenyewe ndiye niliyehakikisha unafanana.

Hapo nikaanza kuomba, na mdomo wangu ukaanza kama ulivyozoea: "Bwana, ukimwokoa huyu, mimi nita..." Nikasikia sauti yangu. Nikasikia kokoto ndani yake. Nikanyamaza. Nawaambia kweli, hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu niokoke nilipokuwa mbele za Mungu bila kuwa na kitu cha kumuuzia. Nikasema tu, "Bwana, mimi ni mwongo. Nisaidie." Ni maneno matano. Hata kuhesabu mara mbili sikuhitaji.

Nikapiga magoti ukingoni, nikaimwaga ile nafaka yote chini, juu ya theluji, mbele ya macho yake, ili upepo umpelekee harufu. Nikaivua kamba ya kumkamatia niliyokuwa nayo begani, nikaiinua juu aione, nikaenda kuitundika kwenye ua, mbali. Kisha nikafanya jambo ambalo muuzaji hafanyi hata akiwa na homa. Nikampa mteja mgongo. Nikaondoka kweli, bila bei ya mwisho ya kumfukuzia.

Nilisimama kwenye ua nikitazama miti. Nilisikia barafu ikilia. Nikasikia kwato. Nilizihesabu, Mungu anisamehe, na nilizihesabu mara moja tu kwa sababu hatua haihesabiwi tena ikishapita. Ishirini na nane. Halafu mlio wa kwato ukabadilika, ukawa wa udongo. Halafu nikasikia kutafuna.

Haleluya!

Wazima moto walifika, wakamkuta farasi anakula na mimi ninalia. Mmoja akauliza ni nani kati yetu aliyehitaji kuokolewa. Nikajinyooshea kidole mwenyewe.

Nikaingia ndani nikamwambia Mama Marlene yote: lango, mnyororo, mawe. Nilitegemea kufukuzwa. Akasema, "Basi kuanzia leo humkamati. Unampelekea kiganja kimoja cha nafaka, unamwaga, unaondoka."

"Mpaka siku gani?"

"Mpaka yeye aamue."

"Siku ngapi lakini, Mama?"

"Wewe na hesabu zako! Toka nje."

Zilikuwa siku kumi na tisa. Siku ya ishirini nilimwaga nafaka, nikageuka kuondoka, nikasikia pumzi ya moto shingoni mwangu. Alikuwa ameiacha nafaka chini akanifuata.

Ndugu zangu, kwa zile siku kumi na tisa nilikuwa na maswali mengi. Swali moja lilikuwa hili: mbona Mungu alinitumia farasi na si malaika? Nadhani najua. Malaika ningejaribu kupatana naye bei. Lakini swali kubwa lilikuwa lingine. Miaka yote nilipopokea baraka nilikuwa natazama nyuma ya mgongo wa Mungu kutafuta kamba. Kazi imekuja, sasa atanidai nini? Nilidhani Yeye ni kama mimi! Nilidhani neema ni mlio wa kuniita karibu tu. Kumbe Yeye alikwisha mimina kila kitu pale chini, mahali pa wazi, hata Mwanawe. Alinimiminia nikiwa bado juu ya barafu nimempa mgongo, na mikono yake ilionekana yote miwili, ikiwa na alama.

Na Makena? Mwezi wa nne walikuwa na tamasha. Safari hii sikumwambia kwamba nitakuja. Sikumwambia chochote. Nilibadilishana shifti na mwenzangu wa kazini anayeishi Brooklyn Park, nikaenda, nikakaa. Muziki wenyewe sikuuelewa wote, lakini nilimwona ananiona, na upinde wa fidla ukapotea kidogo kisha ukarudi njiani. Baadaye akaja na sanduku lake la fidla.

"Nani alikuambia ni leo?"

"Karatasi iko kwenye friji tangu mwezi wa pili."

"Na uliisoma?"

"Mara mbili."

Alicheka, wapendwa. Alijaribu kuuficha mdomo na sanduku lakini nilisikia. Jumamosi iliyofuata akauliza, kwa Kiswahili, "Kwa farasi unaenda saa ngapi?" Tukaenda pamoja. Nilimfundisha kumwaga nafaka na kugeuka. Alisimama pale amempa Biskuti mgongo, macho ameyafumba, anangoja, na mimi nikatazama miti.

Sijui kama ataenda Dallas. Nawaambia ukweli, maana nimeacha biashara ya kupamba bidhaa. Begi bado liko mlangoni, na mimi siligusi wala siliulizii. Namshukuru Mungu kwa asubuhi ile, namshukuru kwa aibu ile, namshukuru hata kwa zile kokoto. Nimezirudisha pale magari yanapoegeshwa.

Na wewe unayesoma, labda kuna mtu aliyekuita kwa jina la Bwana na ndani ya ndoo yake ukakuta mawe. Labda mtu huyo ni mimi. Nisamehe. Lakini usiukimbie mkono wa Mungu kwa sababu ya mlio wangu. Sogea hatua moja. Nusa. Papasa kwa midomo kama Biskuti, Yeye hachukii kukaguliwa. Utakuta ni nafaka, na ni nyingi.

Tamasha lijalo ni Alhamisi. Sijaahidi mtu. Msiniombee nipate maneno, ninayo ya kutosha. Niombeeni nifike.