Aliyeonja Kwanza: Maisha ya Mama Apollinarie wa Kasenga

Ndugu, majirani, na ninyi mliosimama nje ya uzio mkiogopa kuingia: mimi ni Gédéon, mdogo wake wa tumbo moja. Nitasoma hadi mwisho.

Dada yetu Apollinarie Nabintu alizaliwa Lemera tarehe 9 Mei 1968, kwa baba mkulima wa ndizi. Alisoma shule ya msingi huko huko, akafika mwaka wa tatu wa sekondari Uvira, baba akafariki, naye akarudi nyumbani. Mama ndiye aliyemfundisha kukamua ndizi kwa majani na kuchachusha maji yake kwa unga wa mtama mpaka yawe kasiksi, divai yetu.

Tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa na André, fundi seremala, wakahamia hapa Kasenga. André alitengeneza mabenchi ya uani, dada akaanza kupokea wageni. Mgeni alinawishwa mikono, akaulizwa habari za kwao, kisha akaletewa vikombe vitatu: mutobe, maji matamu ya ndizi yasiyochacha, kasiksi changa, na ile kali yenyewe, pamoja na ndagala, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga. Kila kikombe alikionja yeye kwanza, mbele ya macho ya mgeni. Sababu tunaijua wote: hofu ya sumu. Siku moja padre alipokea kikombe kwa haraka, dada akamnyang'anya. “Padre, hata weye! Minye sijaonja bado!” Padre alicheka mpaka akapaliwa.

Mwaka 2022 alipatikana na ugonjwa wa sukari. Daktari akamkataza pombe kabisa. Tulimwambia amwachie binti yake Victoire kazi ya kuonja. Alikuwa mkali: “Na kama mutu ametia kitu mu mtungi? Afe mutoto wangu?” Basi akaanza kugusisha midomo tu, bila kumeza. Mwezi wa pili mwaka huu mgeni mmoja akaruka kutoka kwenye benchi: “Mama, weye haukumeza! Iko sumu humu!” Jua halijazama, neno lilikuwa limeshafika mtaa wa Mulongwe. Wageni wakakatika.

Jumamosi tarehe 16 Machi 2024, vijana waliingia uani na petroli na tairi. Nilikuwepo. Jamani, nilibaki nimeketi kwenye benchi. Walipiga kelele: “Muchawi! Kunywa, tuone!” Dada alijaza kikombe, akameza, akafungua kinywa waone. Akajaza tena. Na tena. Alikunywa mpaka wakaanza kuangalia chini, wakatoka mmoja mmoja.

Jioni ile alianguka. Alifariki hospitalini Jumatatu tarehe 18 Machi, alfajiri. Ni sukari iliyomuua. Daktari wake ameketi pale, muulizeni.

Ameacha mume wake André, binti yake Victoire, wajukuu wawili, na mimi. Ameacha pia mtungi ule pale wa kasiksi aliyoikamua kwa mikono yake, na tangu asubuhi hakuna aliyeusogelea. Hapo ndipo ninapoogopa kweli. Mkirudi nyumbani na hofu hii, kesho petroli itakuja kwa Victoire.

Victoire, naona umeshika kikombe. Kiweke, mwanangu, ukae karibu na baba yako. Leo minye naonja kwanza.

Ninyi wa nje ya uzio, angalieni koo langu. Nikimeza, ingieni mnywe, dada yetu apate kupumzika.