Dobi na Samaki wa Mkewe

Ukitaka kupotoshwa bure, nenda kakae kwenye benchi la mbele ya duka la Dobi. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, upande mmoja umezama, kwa hiyo anayekaa mwisho humwegemea mwenzake apende asipende. Kushoto Mama Birika ameweka jiko lake na vikombe vyake vidogo vya kahawa. Kulia ni mlango wa duka, na ukichungulia tu ndani, kwenye meza iliyokuwa ya kupangia mashati yaliyopigwa pasi, utaona tangi la kioo la samaki. Zamani lilikaa sebuleni, nyumba ya nyuma, mikononi mwa mke wa Dobi. Mke kaondoka, tangi likabaki, na Dobi akalihamishia dukani ili awe analiona muda wote. Wakati ule samaki walikuwa kundi zima. Asubuhi hii ya Jumamosi amebaki mmoja, anaelea juu mdomo wazi, na kabla ya adhuhuri mwenye samaki anawataka wote.

Ujumbe ulikuja kwenye simu, mkavu: samaki watachukuliwa Jumamosi kabla ya adhuhuri. Haukusema atakuja nani. Dobi akajiambia atakuja yeye mwenyewe, basi akanyoa ndevu, akajipigia pasi shati lake, jambo ambalo halijawahi kuonekana pale, maana dobi huyu huvaa nguo zenye mikunjo kuliko wateja wake. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mke ataingia, ataona samaki wake wazima, atakaa. Akikaa watazungumza. Wakizungumza, huenda asiondoke tena. Sasa hesabu yote imebaki kwa samaki mmoja.

— Huyo anatafuta hewa, alisema Redio. Huyo hana muda.

Redio ni fundi umeme. Jina alilipata kwa sababu ukishamwasha hazimi, na ukimjibu hasikii.

— Peleka uchuro wako huko, alisema Mama Birika akimimina kahawa.

— Si uchuro, mama, ni ufundi. Dobi, ile pampu ya hewa uliichomeka wapi?

— Hapo hapo ninapochomeka pasi.

— Basi tumemaliza. Umeme unavuja. Si ule wa kukurusha, ni ule wa chini kwa chini. Samaki anapigwa shoti ya kimyakimya mchana kutwa. Wewe utajuaje, samaki hapigi kelele.

— Tia mkono tuone, alisema Kamanda.

Redio akanywa kahawa yake, mkono akaubakiza kwenye kikombe.

Kamanda huyu alilinda ghala la nafaka mpaka alipostaafu, na tangu hapo kwake hakuna jambo linalotokea bila mtu kulifanya. Hata mvua ikinyesha, yeye hutaka kujua nani amefaidika.

— Sikilizeni. Mke yupo, samaki wazima. Mke kaondoka, wanakufa. Tena wanakufa mmoja mmoja. Ugonjwa ungewazoa wote kwa pamoja. Mmoja mmoja ni mpango wa mtu. Nani anaingia humu dukani?

— Wateja, alijibu Dobi.

— Wateja gani?

— Wenye nguo chafu.

— Mimi ningeanza na yule fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa akiwatazama sana hao samaki.

— Alikuwa akimtazama mwenye samaki, alisema Redio, kisha akatamani aurudishe ulimi wake kinywani.

Hakuna aliyecheka. Dobi alikuwa amesimama mlangoni, macho kwenye tangi. Yule aliyebaki ndiye mkubwa wao, wa rangi ya chungwa, mkia mweupe mrefu unaomfuata kama shela. Mkewe alimwita Bibi Harusi. Siku alipohamia kwa Dobi alikuja naye ndani ya chupa, ameipakata mapajani, na Dobi aliyekuwa akishusha masanduku alimcheka sana. Hayo yote anayakumbuka.

— Mimi nimewafanyia kila kitu, alisema. Mji huu hakuna samaki aliyetunzwa kama hawa.

— Tunakushuhudia, alisema Kamanda.

— Kila Jumatatu na kila Alhamisi nawatoa, nawaweka kwenye beseni, namwaga maji yote, sibakizi hata tone. Changarawe nazitia sabuni, nazisugua kwa brashi ya kola. Ile sponji ya chujio mliiona? Ilikuwa imeshika utelezi wa kahawia, uchafu wa miaka. Niliiloweka kwenye dawa ya kung'arishia shuka, ikatoka nyeupe pe. Majani yaliyokuwa yakielea nimeyang'oa yote, yalikuwa yanaoza oza. Halafu nafungua bomba, maji mapya mpaka juu. Ukichungulia unaona mpaka ukuta.

— Maji yale hata mimi nayanywa, alisema Redio.

— Na chakula? aliuliza Mama Birika.

— Asubuhi kiganja, mchana kiganja, jioni kiganja. Asije akasema niliwanyima.

— Kiganja cha nani?

— Changu.

Mama Birika alikitazama kiganja chenyewe, kipana, kimevimba kwa maji na sabuni. Alitaka kusema neno, akakumbuka makombo ya mkate ambayo yeye mwenyewe huwatupia akipita, akaamua kukoroga kahawa.

Sasa mtu wa nje angeshtuka kusikia sabuni. Kwenye benchi lile hakushtuka mtu. Sabuni ndiyo imani ya duka lile, na wote waliokaa pale walikuwa wamevaa mashati yaliyopita mikononi mwa Dobi. Halafu ipo sababu nyingine ambayo Dobi hakuwaambia. Siku anaondoka, mkewe alisimama sebuleni na begi lake, hana hata hasira, akamwambia: "Wewe huoni kitu mpaka kiwe na doa." Kisha akaongeza kwamba Dobi anafua nguo za mtaa mzima na kwake hajawahi kuosha hata kikombe. Lile la kwanza Dobi hakulielewa. La pili alilielewa vizuri sana, likamchoma, na toka siku hiyo akaanza kuosha. Aliosha vikombe, akaosha mapazia, akawaosha na samaki.

— Mimi sasa nimepata, alisema Redio. Si umeme. Ni mnara.

— Mnara upi tena?

— Wa simu, ule wa nyuma ya shule. Mawimbi yanapita kwenye maji, samaki anachanganyikiwa, hajui juu wala chini. Ndiyo maana anaelea.

— Mnara upo miaka yote, alisema Kamanda. Walikuwa hawaelei. Mimi nitawaambia jambo, na msinikatize. Mtu akiondoka kwa hasira huacha kitu nyuma. Nimelinda ghala, najua. Mkeo, Dobi, aliwaachia samaki maagizo. Hawa samaki hawaumwi. Wamegoma.

— Samaki wamegoma?

— Wamegoma kula, wamegoma kuogelea. Ni mkono wake huo, anauendesha akiwa mbali.

— Ni upweke, alisema Mama Birika. Wanakufa kwa upweke.

— Upweke gani, mama, na walikuwa kundi zima?

— Hata nyinyi hapa ni kundi.

Redio hakumsikia. Alikuwa amesimama kabisa sasa, kikombe mkononi, amepata jipya.

— Kioo! Dobi, umekisugua mno kile kioo. Samaki anajiona humo ndani, anadhani kaingia mwenzake, anagombana naye mpaka moyo unachoka. Tangi likiwa na uchafu kidogo lina faida yake.

Hapo ndipo walipocheka, wote, hata Dobi alitabasamu kidogo. Katika yote waliyoyasema asubuhi ile, hilo ndilo lililokaribia ukweli, na ndilo lililochekwa kuliko yote.

— Kaa chini, alisema Kamanda akijifuta macho. Uchafu una faida, umwambie dobi. Dobi, fanya hivi. Kabla hajafika, wabadilishie maji tena. Akute yanameta. Mwanamke akikuta kitu kinameta moyo unalainika.

— Nilibadilisha juzi.

— Juzi si leo.

Dobi alilitazama jua, lilikuwa limepanda. Akaenda bombani uani, akarudi na ndoo imejaa, maji yakinuka dawa ile ya bomba ambayo yeye kwa mazoea ya kazi hata haisikii. Akaiweka chini ya meza. Akachukua beseni kwa mkono mmoja na kikombe kwa mkono mwingine, akainama juu ya tangi. Bibi Harusi hakukimbia, na zamani alikuwa akikimbia.

Akiwa ameinama hivyo aliona mwendo mlangoni, mwendo wa kuburuta kidogo mguu wa kushoto anaoujua, na moyo ukamruka. Akainua kichwa. Alikuwa shemeji yake, msichana, mdogo wa mkewe. Wanatembea sawasawa hao wawili. Ameshika ndoo ndogo iliyofunikwa kanga.

— Hodi hapa. Shikamoo Mama.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

— Nimeshiba, asante. Shemeji, unataka kufanya nini na beseni hilo?

— Kumbadilishia maji. Nilitaka dada yako akute... Yuko nyuma?

— Yuko kazini. Kanituma mimi.

Uso wa Dobi ulishuka mbele ya watu wote, na hakuna aliyejua pa kutazama. Shemeji naye aliuona, akamsogelea taratibu, akainama kwenye kioo. Alitazama yale maji meupe na changarawe zilizong'aa na Bibi Harusi peke yake juu.

— Wengine wako wapi?

Kamanda akatazama ng'ambo, kwa fundi cherehani.

— Wamekufa, alisema Dobi. Shemeji, sijui kwa nini. Nimejitahidi, waulize hawa.

— Ni umeme, alianza Redio, au kama si umeme ni mnara, maana ukiangalia vile...

Binti wa watu akamwachia amalize. Akasikiliza na habari ya mgomo. Wala hakukasirika. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza njia:

— Kwani dada yeye alikuwa anafanyaje?

Kamanda alisema, alikuwa... alikuwa akiwaangalia, na sauti ikamfia hapo. Mama Birika alishika birika lake kwa mikono miwili. Miaka yote wamekunywa kahawa mbele ya nyumba ile, mke wa Dobi akiingia na kutoka, na samaki wakiwa wazima. Sasa wote walimgeukia Dobi, maana yeye ndiye aliyekuwa ndani.

Dobi alitafuta. Alitafuta kwelikweli, jasho likamtoka. Akamwona mkewe mbele ya tangi, amempa mgongo, mkono mmoja wa gauni umekunjwa mpaka kiwikoni. Mkono ulikuwa majini unafanya jambo. Jambo gani? Mgongo ulimkinga. Ilikuwa ni kusogea tu kidogo aone, na hakusogea hata siku moja. Alichokiona vizuri, mpaka leo angeweza kukichora, ni matone sakafuni, kutoka kwenye tangi mpaka mlango wa nyuma, kwa sababu alikuwa akimfuata mkewe na kitambaa akiyafuta na kunung'unika.

— Kulikuwa na ndoo, alisema mwishowe.

— Ndoo za nini?

— Sijui. Zilikuwa ukumbini, zinalala na maji usiku kucha, hazifanyi kitu. Zilikuwa njiani. Nilikuwa nikijikwaa.

Hakusema kwamba zaidi ya mara moja alizibeba akazimwaga uani, akaona ametengeneza nyumba. Mkewe alizijaza tena bila neno. Hakusema, lakini sasa alikuwa akilijua, na alilijua mbele ya watu.

Shemeji hakumhukumu. Alifunua ndoo yake. Maji yake yalikuwa na umanjano kidogo, na jani moja la majini likielea.

— Hayo yana uchafu, alisema Dobi. Lilimtoka tu.

— Dada aliyateka jana, akasema yalale kwanza, dawa ya bomba iishe.

Alimchota Bibi Harusi kwa kikombe, akamwachilia polepole ndooni. Samaki alikaa kidogo, kisha akashuka mwenyewe mpaka chini ya lile jani, akatulia huko, mdomo ameufunga.

— Atapona? aliuliza Dobi.

— Sijui, shemeji.

— Na tangi?

— Hakusema tangi. Kasema samaki tu.

— Mwambie... alianza Dobi, kisha akaliweka beseni chini.

Shemeji akafunika ndoo, akaaga, akaondoka na ule mwendo wake. Benchi zima lilimsindikiza kwa macho mpaka kona.

— Mimi bado nasema umeme, alisema Redio, kwa sauti ndogo.

— Nyamaza, mwanangu, alisema Mama Birika, na aliinamisha birika ili wote waone kwamba halina kitu. Nendeni makwenu.

Dobi aliingia ndani. Pampu ilikuwa bado inapuliza hewa kwenye maji matupu, safi, unaona mpaka ukuta. Sakafuni, kutoka mezani mpaka kizingitini, shemeji alikuwa ameacha matone. Dobi aliyatazama. Safari hii alijua yametokana na nini, na alitamani yakae pale. Alipozinduka alikuwa amepiga magoti mlangoni, kitambaa mkononi, na nyuma yake sakafu ilikuwa kavu yote.