Ripeka Pasilio wa Bonde la Hutt, Aliyegombewa Hadi Jioni

Kwa majonzi makubwa, Bonde la Hutt lote, kuanzia ufuko wa Petone hadi pale vilima vinapobanana Taita, kingo zote mbili za mto, pamoja na ule ufa wa tetemeko uliolala chini ya barabara ukingoja siku yake, linatangaza kifo cha binti yake mteule, Mama Ripeka Pasilio, ambaye kati ya mahali pote duniani alilichagua Bonde hili kwa hiari yake na kwa mapenzi yasiyo kifani.

Maneno hayo yametungwa na kamati. Ilikuwa na Wamaori, Watokelau, Wasamoa, Wahindi na Mzungu mmoja wa kuchemsha chai, na katika siku tatu hizi hilo ndilo jambo pekee waliloafikiana. Mimi, mpwa wake, nimeagizwa niyasome yalivyo. Nimeyasoma. Ila ndugu waombolezaji mnajua kwamba mpaka jana jioni hakuna aliyekuwa na hakika kama kaburi lingechimbwa hapa Taita au kule kaskazini, na wachimbaji walikuwa wameegemea sepetu zao wakingoja simu. Basi nitaeleza maisha yake, na jinsi alivyobaki.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1942 kijijini Rangitukia, kaskazini mashariki ya kisiwa, mahali mto Waiapu unapoingia baharini umebeba matope ya kutosha kujengea wilaya nyingine. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Hamiora na marehemu Keita Paenga. Kitinda mimba wao ni Rawiri, baba yangu mzazi, yule pale mbele mwenye koti jipya. Wasifu huu utamtaja mara nyingi kuliko apendavyo.

Alisoma shule ya msingi kijijini, ambako alifundishwa kusoma, kuandika na kunyamaza kwa Kiingereza. Akihesabu kwa Kimaori alichapwa. Akilia kwa Kimaori alichapwa tena. Aliacha masomo akiwa na miaka kumi na minne ili akamue ng'ombe na kumlea baba yangu, ambaye anakiri kuwa kwa fimbo dada yake alimzidi mwalimu.

Februari 1960 alipanda basi, kisha treni, akaja Bondeni katika ule mpango wa serikali wa kuwatoa vijana mashambani na kuwatia viwandani. Alimwahidi mama yake kwamba angekaa miaka miwili tu, kisha arudi. Ahadi hiyo iwekeni akilini, maana jana ilitajwa kama hati ya mahakama.

Alianza kwa kushona kola za mashati Petone. Mwaka 1969 akahamia kiwanda cha magari, akishona viti, katika safu moja na Wagiriki, Waholanzi, Wasamoa na Wahindi, na kwa kuwa mashine zilipiga kelele mtu hasikii hata nafsi yake, walichofundishana zaidi ni matusi. Marehemu aliweza kutukana kwa lugha tisa na kuomba radhi kwa moja. Siku moja msimamizi alimkuta akimwambia Mgiriki mmoja neno fulani, akauliza lina maana gani. "Ni salamu ya asubuhi, bwana," marehemu akajibu. Msimamizi yule aliwasalimia Wagiriki hivyo hivyo kila asubuhi mpaka alipostaafu, na kila asubuhi waliitikia kwa heshima kubwa.

Kiwanda kilifungwa 1988. Watu mia kadhaa walitoka langoni mchana mmoja wa mvua, na Bonde lilikaa kimya kwa namna ambayo halijapona mpaka leo. Vijana wakaanza kwenda Australia, nyumba kwa nyumba, kama maji yanavyotoka kwenye beseni lililotoboka. Marehemu akaenda kupika katika shule ya chekechea, na huko alidumu hadi 2007.

Tarehe 15 Oktoba 1966 alifunga ndoa na Falaniko Pasilio, fundi wa reli kutoka kisiwa cha Nukunonu, Tokelau. Ndugu zetu wa kaskazini walishuka na basi zima, wakiwa Waanglikana, wakakuta wameletwa katika kanisa Katoliki. Baba yangu, kijana wa miaka ishirini na moja mwenye mdomo, alimvuta dada yake kando.

"Dada, huyu mume kwao hata kwenye ramani hakuonekani."

"Na kwenu wewe, basi linafika?"

"Linafika!"

"Linafika Jumanne."

Upande mmoja ulifukia nyama na viazi vitamu katika shimo la mawe ya moto. Upande mwingine ulileta samaki na nazi. Kisha Watokelau wakaanza kupiga lile sanduku lao la mbao na kuimba, wimbo ukipanda kila uliporudiwa, hadi babu yetu Hamiora, ambaye asubuhi alikuwa amekataa kuvua kofia, alionekana akicheza amekamata ncha za koti kama sketi.

Walipewa nyumba ya serikali Naenae, chini kabisa ya vilima vya mashariki. Mnaoishi huko hamhitaji kuambiwa. Katika Julai jua hukawia nyuma ya kilima kama mdeni, na nyumba zilizo chini yake hukaa na umande hadi saa za chai. Upande wa pili wa barabara, kwa jirani yake Mzungu, Nev Tulloch, jua lilifika mapema zaidi. Kwa hiyo marehemu alivuka barabara na karai la nguo kila asubuhi, akaanika kwa Nev bila kumwomba.

"Mama Mele," Nev alimwambia, akimwita kwa jina la bintiye, "suruali za mumeo zinapepea kwangu kama bendera ya nchi iliyonivamia."

"Ndiyo. Tumekuvamia. Leta vibanio."

Mwanawe wa mwisho, Siaosi, alizaliwa 1971. Alikuwa na kifua. Kuta za chumba chake zilitoa maji, ukungu mweusi ukipanda kwenye pembe haraka kuliko mama yake alivyoweza kuusugua. Aliomba nyumba nyingine yenye jua, akaambiwa asubiri. Mchana alimpeleka mtoto akalale kwa Nev kwenye kochi la dirishani, na jioni alimpeleka dukani kwa mama wa Kihindi, Kamuben Ranchhod, ambako jiko la mafuta halikuzimwa. Mtoto yule alilelewa na barabara nzima kwa kufuata joto. Tarehe 22 Julai 1974 alifariki, akiwa na miaka mitatu. Amelala hapa, safu ya nne kutoka kwenye uzio. Falaniko alilazwa pembeni yake Aprili 1997.

Baada ya kifo cha mtoto, marehemu alipewa nyumba yenye jua. Aliikataa. Hakutaka kueleza, na nyinyi nyote mlikuwa na adabu ya kutomwuliza, jambo ambalo si kawaida yenu.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, mgongo ulioinamia mashine kwa miaka ishirini na minane ukagoma. Alilazwa mara nyingi. Muuguzi alipomsifu kuwa ni mgonjwa mvumilivu, marehemu alisema hakuwa na nguvu ya kuwa wa aina nyingine. Alifariki Jumamosi asubuhi, tarehe 5 Agosti 2023, akiwa na miaka themanini na mmoja, binti yake Mele akimshika mkono.

Tulimlaza marae, katika ukumbi wetu, jeneza wazi, wanawake wakiwa wameketi kulizunguka. Jumapili mchana, mvua ya kusini ikipiga kiubavu, magari ya kaskazini yaliingia. Baba yangu alishuka wa kwanza. Nyuma yake lilikuja gari refu tupu, lenye godoro na mablanketi, na kila mtu alijua ni la nani.

Sasa, kwetu Wamaori, maiti ambaye hakuna anayemgombea ni maiti wa aibu. Ndugu hufika kumdai. Wenyeji hukataa. Watu hutukanana kwa ufasaha, mababu wakitajwa mmoja mmoja, na kadiri ugomvi unavyokuwa mkali ndivyo marehemu anavyoheshimika. Baba yangu alisimama, akatembea huku na huko mbele ya jeneza, akanguruma.

"Dada yetu mlimwazima! Miaka miwili, alimwahidi mama! Nyinyi watu wa Bonde mmemlaza kwenye unyevu miaka sitini na mitatu! Mmemzikia mtoto! Leo nimekuja kumchukua, na nani hapa atanizuia?"

Wazee wetu wa ukumbi ule walikuwa wakikusanya pumzi za kujibu. Wazee hukusanya pumzi polepole. Katika nafasi hiyo akasimama Nev Tulloch. Ana miaka themanini na minne, na alilelewa kuamini kwamba kupiga kelele msibani ni dhambi kuliko wizi. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Jamani," akasema, "tusigombane mbele yake. Huyu bwana ni ndugu wa damu. Mwacheni amchukue."

Akaketi, akiamini amefanya ustaarabu.

Mele aliinamisha uso kwenye jeneza. Neno lilikuwa limetoka upande wa Bonde, mbele ya wote, na neno la namna ile halimezwi. Siaosi na baba yake wangebaki peke yao kwenye safu ya nne. Lakini aliyenishangaza ni baba yangu. Alisimama katikati ya ukumbi, mkono bado uko juu, kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega akakuta uko wazi. Uso wake ulizeeka papo hapo.

"Hivyo tu?" akauliza taratibu. "Miaka yote hiyo, na mnamtoa kama kochi bovu?"

Ndipo Kamuben Ranchhod aliponyanyuka kutoka kando ya jeneza. Katika ukumbi ule wanawake hawasimami kuhutubia, na mzee mmoja alifungua kinywa kumkumbusha. Baba yangu akamzima. "Kwetu kaskazini wanawake husema. Mwacheni!"

"Wewe Nev," Kamuben akaanza, "kaa hivyo hivyo na usinyanyuke tena. Na wewe mzee wa koti, nani kakwambia utamchukua? Ulikuwa wapi alipokuwa akilala sakafuni dukani kwangu na mtoto kifuani? Mlikuja kwenye arusi, mkala, mkarudi! Kwetu sisi mtu akifa anachomwa siku ya pili, hatumgombei. Lakini huyu nitamgombea hadi meno yadondoke! Mtoto wake yuko hapa. Haendi popote. Litoe gari lako, limeziba lango!"

Baba yangu alivuta pumzi. Nilimwona akinyooka, kiungo kwa kiungo. "Duka!" akanguruma kwa furaha isiyofichika. "Mimi nakutajia mababu, wewe unanitajia duka?"

Ikawa ni hivyo mchana kutwa na kesho yake yote. Wazee wetu walipata pumzi zao. Watokelau walijibu kwa nyimbo, Wasamoa kwa hotuba ambayo bado inaendelea jikoni. Nev aliomba kuzungumza tena akanyimwa. Jana, taa zikiwashwa, baba yangu aliegemea jeneza, sauti imekauka, akasema, "Basi. Mmenishinda. Alale kwa mwanawe." Kisha akaongeza kwamba mwezi uliopita alikuwa amemwuliza dada yake mwenyewe, hospitalini, na alijua jibu tangu siku hiyo.

Nev akaruka. "Ulijua? Na umeniacha nitukanwe siku mbili?"

"Ningemwacha dada yangu azikwe bila mtu kumpigania?" baba akasema. "Hata wewe ungelia."

"Nililia!"

"Ulilia ukimgawa."

Marehemu ameacha watoto wawili: Mele wa Brisbane na Pita wa Wainuiomata, wajukuu saba, watano wao Australia, kitukuu mmoja aitwaye Keita, mdogo wake mwenyewe Rawiri, wifi zake wa Nukunonu, ambao meli haikuwahi kuwaleta, Kamuben Ranchhod, aliyeandikwa hapa kama dada kwa amri yake mwenyewe, na Nev Tulloch, ambaye waya wake wa nguo uko wazi tangu Aprili mwaka huu na anasema hataung'oa. Wamemtangulia wazazi wake, kaka na dada zake wakubwa, mumewe Falaniko, na Siaosi.

Udongo huu wa Bonde ni baridi na una maji. Umpokee polepole, nasi tumwache alale.

Jibu lake la kule hospitalini nimeruhusiwa kulisoma. Baba yangu alisimama miguuni pa kitanda, akavua kofia, akasema kwa ile sauti yake ya ukumbini: "Dada, ardhi iliyozika kitovu chako inakuita. Mama anakuita. Waiapu unakuita. Ama umelichagua Bonde hili milele? Sema neno, nasi tutalishika."

Marehemu aliisogeza kando barakoa ya hewa.

"Huko ni mbali, Rawiri," akasema. "Na mgongo unaniuma."